Jina la Kapuni

Jumapili ya Marejeo watu wa Pelham Neck walianza kumwita Vernetta, na hapo ndipo alipojua kwamba maji yamezidi unga. Kwao hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Vernetta Mungin lilikuwa jina la shule, la hospitali, la leseni ya gari, na sasa la jalada la kitabu. Nyumbani aliitwa Yeddy. Watu wa pwani ile ya Carolina humpa kila mtoto jina la kapuni, jina analoitwa angali mchanga wa kulazwa kwenye kapu, na jina hilo ni la watu wake tu. Polisi hawalijui, benki hawalijui. Yeye alipewa Yeddy, ambalo kwa lugha ya kule ni kusikia, kwa sababu tangu hajaota meno alikuwa akigeuza shingo kufuata kila sauti iliyopita chumbani.

Na siku yenyewe ilianza vizuri. Wenyeji walikuwa wamerudi kutoka kila mji walikotawanyikia, magari yamejaa mpaka kwenye makaburi ya kanisa, na nje chini ya mialoni kina mama walikuwa wamefunika kwa vitambaa masufuria ya wali mwekundu, kamba, bamia na pai za viazi vitamu. Kabla ya kula, mchungaji akamwomba binti yao mwandishi awasomee kidogo kutoka kwenye riwaya yake mpya, ambayo ilikuwa bado haijachapwa. Vernetta akachagua sura ya mitumbwi. Alidhani anawapa zawadi.

Kisa cha mitumbwi kila mtu alikijua. Mwaka ule wa vita vya Kaskazini na Kusini juu ya utumwa, manowari za Kaskazini zilipotia nanga kwenye mlango wa mto, watumwa wa shamba la mpunga la Pelham walipatana kupiga makasia wazifuate. Kuna mtu akasema. Walipofika gatini wakakuta bwana na watu wake wanawangoja na bunduki. Wengine waliuawa palepale, wengine wakauzwa bara na hawakuonekana tena. Kisa hiki kilisimuliwa kila mwaka, na kila mwaka msimulizi alisema vilevile: kuna mtu akasema. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Vernetta alikuwa amemtia yule mtu sura. Katika riwaya alimfanya mnyapara, mtumwa aliyepewa mjeledi awasimamie wenzake, naye akawauza wenzake kwa koti la sufu. Akamwita Cootuh, yaani kobe. Shujaa wa kitabu alikuwa Sarey, bibi wa babu yake Vernetta mwenyewe, aliyeokoka gatini na mtoto mgongoni. Mambo mengine yote aliyachunguza mpaka macho yakamuuma: maji hupwa saa ngapi mwezi ule, mtumbwi ulichongwa kwa mti gani, mtumwa alipimiwa mpunga kiasi gani. Wachapishaji walimtafuta mwanahistoria akapitia kila ukurasa. Kando ya jina la Cootuh mwanahistoria aliuliza kama limo kwenye kumbukumbu yoyote. Vernetta akajibu kwamba halimo, amelibuni.

Alipolitamka mle kanisani, mapepeo yalisimama. Ilikuwa Agosti, joto la kuchemsha ubongo, na kila mtu alikuwa akijipepea kwa pepeo la karatasi. Yote yakasimama. Vernetta alifikiri ni usanii wake uliowagusa. Waandishi nao! Akaongeza sauti, akaendelea kumsoma Cootuh anavyochechemea kwenda nyumba kubwa ya bwana kupeleka habari.

Ndipo Louvenia Grovner akainuka na mkoba wake. Nyuma yake wakainuka Grovner wote, benchi kwa benchi, watoto wakivutwa mikono. Louvenia ndiye mwenye saluni pale njia panda. Ndiye aliyemsuka Vernetta tangu nywele zake hazijashika kitana, akimbana kichwa katikati ya magoti na kumpa karanga ili atulie. Mlangoni aligeuka.

"Vernetta," alisema, "nani kakwambia?"

Akatoka. Chakula kililiwa siku hiyo, maana watu wa Pelham Neck hawatupi chakula, lakini hakuna aliyekuja kukaa kwenye meza ya Vernetta.

Nyumbani, Shangazi Jestine, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, aliketi barazani akimenya maharage bila kuinua uso. Vernetta alimzunguka kama nzi. Alisema hakuambiwa na mtu. Alisema jina lilimjia tu asubuhi moja huko Atlanta, akiwa anasubiri kahawa ichemke. Aliapa.

"Ulibuni," Shangazi Jestine alisema, kwa sauti ile ambayo mtu humwambia mtoto aliyesema sukari imeliwa na paka. Akabeba bakuli la maharage, nusu hajayamenya, akaingia ndani.

Jioni ileile shemasi Ezell Smalls alileta gari lake mpaka uani. Hakushuka. Alizungumza kupitia dirishani, kofia kichwani, na mtu asiyevua kofia mbele ya Jestine Mungin alikuwa hajaja kwa heri. Alisema Vernetta anatakiwa kwenye nyumba ya sifa Jumanne, jua likianza kupoa.

Nyumba ya sifa si kanisa. Ni kibanda cha mbao kisichozidi ukubwa wa chumba cha jiko, kilichojengwa na watumwa wenyewe, na kila mtu aliyezaliwa kule huwa mwanachama wake. Hapo ndipo magomvi yao huamuliwa. Hiyo huitwa sheria ya haki. Mahakama ya mjini, gazeti, mwanasheria, na mtu yeyote wa nje anayeambiwa mambo ya ndani, hiyo ni sheria isiyo ya haki, na anayeikimbilia amejitenga mwenyewe. Jambo likishaamuliwa haligusiwi tena. Mwisho wa kikao watu huimba huku wakizunguka na kupeana mikono, na mkono haupewi mtu ambaye hamjapatana. Vernetta aliyajua haya yote. Alikuwa ameyaandika katika sura ya tatu, na mwanahistoria alikuwa ameisifu.

Jumatatu akampigia simu Paige, mhariri wake wa New York. Paige akamkumbusha kwamba kurasa zinatakiwa Ijumaa, mitambo haimsubiri mtu. Kuhusu Cootuh alikuwa na uhakika: ofisi nzima inamzungumzia, ni mtu mbaya ambaye unamwona mpaka kucha, ndiye anayekishikilia kitabu. Vernetta akauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, itakuwaje akibadilishwa. Paige akacheka. Akasema si amembuni mwenyewe? Basi ni mali yake, asimwogope mtu.

Baada ya simu hiyo, Vernetta aliogopa pande zote mbili. Akimtoa Cootuh, ni mwandishi gani huyo anayefuta kurasa kwa sababu majirani wamenuna? Akimwacha, hatapata mkono, na mtu asiyepata mkono Pelham Neck anaweza kuendelea kuja kila Agosti, akala, akaondoka, lakini atakuwa mgeni mwenye gari la kukodi. Na chini ya woga huo palikuwa na mwingine aliouona aibu hata kuusema. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kama hili, aliloapa kwamba amelibuni, lilikuwapo, basi ni kipi ndani ya kitabu kile kilichokuwa chake?

Jumanne aliingia nyumba ya sifa na shangazi yake. Madirisha yalikuwa wazi na mbu walikuwa wamewahi viti. Grovner wote walikaa upande mmoja. Shemasi Ezell aliomba sala fupi, akamwambia Louvenia aseme.

Louvenia hakupandisha sauti. Alisema jina lile ni la kapuni, la babu wa babu yake, na halijatamkwa mbele ya watu tangu vita viishe. Hata yeye aliambiwa mara moja tu, na mama yake aliyekuwa anakufa.

Vernetta alijibu alivyokuwa amejiandaa njia nzima. Kwamba hii ni riwaya. Kwamba katika riwaya watu ni wa kubuni, na jina la kobe anaweza kupewa yeyote.

"Mtu wa kubuni," Louvenia alisema. "Haya. Mguu gani anachechemea?"

"Wa kushoto."

"Kwa nini wa kushoto?"

Vernetta hakuwa na sababu. Alikuwa amemwona tu akitembea hivyo.

"Alivunjwa na gurudumu la mkokoteni wa mpunga," Louvenia alisema. "Hilo nalo lilikujia na kahawa?"

Kando ya Vernetta, Shangazi Jestine akainuka, akishikilia benchi la mbele.

"Msimuulize mtoto," alisema. "Ni sisi. Mimi na mama. Tulikuwa tunashona lile shuka la viraka, fremu ya kulitandazia imejaa chumba kizima, na yeye alikuwa chini yake na mto wake. Mama alikuwa anazeeka, akataka nijue kabla hajaenda. Tulidhani mtoto amelala."

"Yeddy alilala lini huyo?" mtu akasema nyuma, na watu nusura wacheke, ikabaki nusura.

Ni aibu kulisema, lakini jambo la kwanza ambalo Vernetta alihisi lilikuwa furaha. Ilikuwa kweli. Alimpata mtu sahihi kwa jina lake na mguu wake, bila kumbukumbu yoyote, kwa kalamu tu. Akajikuta anasema kwamba anasikitika, lakini kama Cootuh ndiye aliyesema, basi kitabu hakijamsingizia.

Louvenia akamgeukia shangazi. "Mwambie, Jestine. Au niseme mimi?"

Shangazi Jestine alikuwa amekaa tena. Alitikisa kichwa. Ikabidi aseme Louvenia, na alimsemesha Vernetta peke yake, kama vile wengine wametoka.

"Cootuh alikuwa ndani ya mtumbwi," alisema. "Mpango ulikuwa wake. Mnyapara ndiye aliyejua doria zinapita lini. Aliyesema ni Sarey wenu."

Vernetta akasema hapana.

"Sikiliza, si ndiyo kazi yako? Mtoto wake alikuwa na kifaduro. Na kila mtu alikuwa anajua ya mwaka uliotangulia, mtoto aliyelia kwenye mtumbwi wakamziba pua mpaka akanyamaza moja kwa moja. Sarey akaogopa. Akaenda nyumba kubwa kuomba dawa ya kumlaza mtoto. Bibi mwenye nyumba akamuuliza, unataka mtoto alale fofofo usiku huu kwa nini? Akamshika huyo mtoto, akamwinua, akamwambia jibu. Akajibu. Wewe ungefanyaje?"

Mengine Louvenia aliyamaliza harakaharaka, kama mtu anayefua nguo asiyoipenda. Cootuh alipigwa risasi gatini. Kwa kuwa alikuwa mnyapara, watu walisema ni yeye, aliwauza halafu bwana akamgeuka. Vita vilipoisha Sarey akaja mwenyewe, ndani ya nyumba hiihii, akapiga magoti akasema. Watu walitaka kumtoa nje. Mjane wa Cootuh ndiye aliyesimama. Alisema mume wake ameshakufa na wameshamwita msaliti, na maneno hayamfanyi maiti kitu. Huyu ana mtoto wa kulea, na sisi sote tutakula kwenye ardhi hii moja. Mwacheni Cootuh aibebe lawama. Ila jina lake msiliite tena, wala kwa kisa, wala kwa matusi, wala kwa mzaha.

"Ndiyo maana tunasema kuna mtu akasema," shemasi Ezell alisema. "Jina lililobeba lawama linalazwa. Haliitwi. Ndivyo ilivyoamuliwa hapa."

Yule mtoto wa kifaduro alikuwa baba wa babu yake Vernetta. Hilo hakuna aliyelisema, na halikuhitaji kusemwa. Alimkumbuka Sarey wa kitabuni, kifua mbele, akiruka kutoka gatini na risasi zikipita, na akatamani benchi limmeze. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama wanataka aandike ukweli.

"Ukweli gani tena?" Louvenia alisema. "Tuliumaliza huu. Mimi sikuombi umvue nguo bibi yako mbele ya wazungu. Nataka babu yangu atoke."

Wakaimba. Wakazunguka kama kawaida, mkono kwa mkono, miguu ikikokota sakafuni. Shangazi Jestine alipewa mikono yote. Vernetta alipofika mbele ya Louvenia akanyoosha wake, na Louvenia akaubana mkoba kwa mikono miwili.

"Nitasoma kwanza," alisema.

Tangu hapo hadi Ijumaa, Vernetta alikaa kwenye meza ya jikoni na zile kurasa. Kubadilisha jina tu kulikuwa jambo la dakika chache. Angemwita Kunguru, au Kamba, mtu yeyote, na Paige asingejali. Lakini kila jina aliloandika lilimtia hofu. Kila kapu la pwani ile lilikuwa limelaza mtoto, na angejuaje kwamba hili nalo hakulisikia chini ya fremu ya mtu? Na hata jina likiwa salama, yule mnyapara angebaki palepale, anachechemea kwenda kuuza watu ambao alikufa akiwaokoa. Wa kwao wangemjua kwa mguu.

Alimfuta. Alifuta koti la sufu, mjeledi, mguu, kila kitu. Mahali pake akamweka mwanamke, tena hakumweka mbali na Sarey, akamfanya dada yake wa tumbo moja, mwenye mtoto anayekohoa. Akamtuma nyumba kubwa kuomba dawa. Akamtia yule bibi mtoto mikononi. Mnyapara wa kitabuni akapanda mtumbwi na wenzake bila jina. Ilipofika zamu ya kumpa yule mwanamke jina, Vernetta aliandika akakata, akaandika akakata. Palikuwa na jina moja tu la kapuni ambalo alikuwa na hakika ni la nani, maana yeye ndiye aliyepewa. Akaliandika.

Shangazi Jestine alikuwa nyuma yake akipangusa sufuria. Alisoma juu ya bega.

"Unajua unachofanya? Haliitwi tena hilo," alisema.

"Ni jina tu, Shangazi."

Shangazi aliendelea kupangusa sufuria ambayo ilikuwa imeshakauka zamani.

Paige alipiga simu akiwaka. Alisema mnyapara msaliti yumo katika kumbukumbu nyingi, msomaji humwamini mara moja, lakini mama anayewasaliti wenzake kwa ajili ya dawa ya kikohozi atawaudhi watu, na mwanahistoria anauliza ushahidi uko wapi. Vernetta akasema hana ushahidi. Safari hii kisa kilikuwa cha kweli na jina ndilo alilolitia mwenyewe, na hilo hakuweza kumweleza, maana Paige alikuwa mtu wa nje. Akasema tu kwamba ama kitoke hivi, ama kisitoke. Kikatoka hivi.

Kitabu cha kwanza alichopewa alikipeleka saluni. Louvenia alikuwa anamsuka mteja, akamwacha nusu ameshasukwa nusu bado, akapangusa mafuta kwenye aproni, akavaa miwani. Vernetta akamfungulia kwenye sura ya mitumbwi na kusimama pale kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Aliitazama midomo ya Louvenia ikienda pamoja na maneno. Alijua hasa ilipofika nyumba kubwa. Alijua ilipofika kwenye jina, kwa sababu hapo ilisimama.

Louvenia alirudia ukurasa huo tangu mwanzo. Kisha akakifunga kitabu, akakiweka kando ya vitana, akavua miwani. Alimshika Vernetta mkono kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia.

"Vernetta," alisema.

Hakulisema kama siku ile ya mlangoni. Alilisema polepole, kwa upole, kama mtu anayejifunza jina la mgeni aliyehamia kwao. Vernetta akaitikia kwa kichwa. Mteja aliuliza kuna nini, akaambiwa anyamaze, hakuna kitu.

Alitembea kwa miguu kurudi nyumbani. Harufu ya kaa na kitunguu ilikuwa imejaa uani, na shangazi yake alikuwa anaita kutoka jikoni kwamba chakula tayari. Ilibidi aite mara ya pili. Mara ya kwanza Vernetta alikuwa amesimama kwenye ngazi, anasubiri aitwe jina lake.